Mlinzi wa Mwili Hufundwa

(Mazungumzo haya yalitayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Isongole, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe.)



Mkazi wa Isongole hahitaji kufafanuliwa maana ya mpaka. Nchi ya Malawi i jirani, na ng'ambo ya pili ni Wilaya ya Chitipa. Walambya na Wandali wana jamaa pande zote mbili. Mjomba analima huku, shangazi ameolewa kule, na siku ya msiba wote hukutana. Kwa sababu hiyo ofisa wa uhamiaji aliyepangiwa kituo hiki hawezi kumtambua mgeni kwa sura wala kwa lugha. Hapana budi afundishwe kazi yake: kutazama hati, kuuliza maswali, kumpitisha mwenye haki na kumzuia mwenye nia mbaya. Mlinzi asiyefundishwa huleta hasara za namna mbili. Huenda akamwachia mhalifu akapita, au huenda akamkamata mwenyeji na kumtendea kama adui.

Ndani ya mwili wa kila binadamu wamo walinzi wa namna hiyo, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Karibu kila seli ya mwili huvaa juu yake alama zinazomtambulisha mwenyewe, mfano wa kitambulisho cha uraia. Daktari Mfaransa Jean Dausset alianza kuzigundua alama hizo kwa binadamu mwaka 1958, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Chembe nyeupe hupita mwilini zikizikagua alama hizo usiku na mchana. Zikikuta alama ngeni hushambulia, pasipo kujali kama mgeni ni kijidudu cha maradhi au ni figo iliyotolewa na ndugu kwa mapenzi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa upandikizaji. Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni ya kisu cha daktari mpasuaji. Kwa hakika kisu kimekwisha kuimudu kazi yake. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, ambapo kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kupelekwa nje, hasa India. Lakini mgonjwa anapotoka hospitali na figo mpya, walinzi wa mwili wake hawajui kwamba mgeni huyo ni rafiki. Kwa hiyo humbidi ameze kila siku, maisha yake yote, dawa za kuwapumbaza walinzi hao. Dawa hizo huilinda figo, lakini huacha mlango wazi kwa maradhi mengine, na gharama yake haikomi.

Swali ambalo wanasayansi wamelihangaikia kwa muda mrefu ni hili: badala ya kuwapumbaza walinzi, je, hawawezi kufundishwa upya? Na kama walinzi wenyewe ni wagonjwa au wamekwisha, je, hawawezi kuoteshwa wengine, kama mkulima wa Ileje anavyootesha miche ya kahawa kitaluni kabla ya kuihamishia shambani?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa ijulikane kwanza walinzi hao huzaliwa wapi na husoma wapi. Huzaliwa katika uloto, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Mwaka 1961 watafiti wawili wa Toronto, James Till na Ernest McCulloch, walionyesha kwamba ndani ya uloto wa panya zimo seli chache ambazo kila moja yaweza kuzaa aina mbalimbali za chembe za damu. Seli za namna hiyo huitwa seli shina, kwa kuwa matawi yote hutokana nazo. Mwaka huohuo, mjini London, Jacques Miller aliondoa tezi iitwayo thaimasi kutoka kwa watoto wachanga wa panya. Tezi hiyo iko nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, na hadi wakati ule haikujulikana ina kazi gani. Panya waliokosa tezi hiyo waliugua ovyo, na walipobandikwa ngozi ya panya mwingine hawakuikataa. Ikadhihirika kwamba thaimasi ndiyo chuo cha walinzi. Chembe zinazohitimu humo zimepewa jina la chembe T kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo. Zile zinazoelekea kumshambulia mwenyeji huondolewa kabla ya kuhitimu. Ni chuo kikali. Wanaoingia ni wengi, wanaotoka ni wachache. Tena chuo hicho ni kikubwa utotoni, lakini husinyaa kadiri mtu anavyozeeka.

Ndugu walimu, mambo haya yanagusa nyumba nyingi za Tanzania, na mfano ulio karibu zaidi ni ugonjwa wa selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka katika nchi hii, idadi iliyo miongoni mwa zile kubwa kabisa duniani. Chembe nyekundu za damu za mtoto huyo hujipinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa myembamba, na kumletea maumivu makali, upungufu wa damu, kiharusi na maambukizo ya mara kwa mara.

Asili ya ugonjwa huo ilipata maelezo yake makuu katika Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akatangaza kwamba jeni ya selimundu imeenea palipo na malaria nyingi, kwa sababu mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa asiuawe na malaria. Penye baridi na mbu wachache, jeni hiyo ni haba. Kwa hiyo mtu wa milimani aweza kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa. Lakini utumishi wa umma hauna milima wala ziwa. Mwalimu aliyezaliwa Musoma hupangiwa Ileje, muuguzi wa Bagamoyo huolewa Itumba, na watoto wao huketi dawati moja na watoto wa wenyeji. Mwanafunzi anayelia miguu kila msimu wa baridi huenda hadeki wala hajarogwa.

Tiba iliyokwisha kuthibitika kuuondoa ugonjwa huo ni kupandikiza uloto wa mtu mwenye damu nzima. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani, kila mgonjwa akirudishiwa seli zake mwenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwatibu watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao. Hatua hiyo ni kubwa, nayo yastahili kusifiwa bila kusita. Lakini hapana budi isemwe pia ni nani anayebaki nje ya mlango.

Katika kupandikiza uloto, mgeni anayeingia ni kikosi kizima cha walinzi. Uloto wa zamani huangamizwa kwanza kwa dawa kali; kisha uloto mpya huingia na kuzaa walinzi wapya. Walinzi hao wasipolingana na mwili walioukuta, huuona mwili wote kuwa adui, wakaishambulia ngozi, ini na matumbo. Ndiyo maana hutafutwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye alama zake zalingana na za mgonjwa. Uwezekano wa ndugu mmoja kulingana naye ni 1 kati ya 4. Tena hapana budi ndugu huyo naye asiwe mgonjwa wa selimundu, na kwa wazazi wenye jeni hiyo uwezekano wa mtoto kuwa salama ni 3 kati ya 4. Mwalimu wa hesabu akizidisha atapata 3 kati ya 16. Basi ziko familia nyingi ambazo zitapima watoto wote, na jibu litakuwa kwamba hakuna anayefaa.

Katika nchi tajiri, aliyekosa ndugu hutafutiwa mtu baki katika daftari la wanaojitolea. Lakini hata huko daftari halimtendei kila mtu sawa. Nchini Marekani, makadirio ya daftari la taifa ni kwamba mgonjwa mweupe hupata anayelingana naye kikamilifu kwa nafasi 79 katika 100, na mgonjwa mweusi kwa nafasi 29 tu. Sababu mojawapo ni kwamba alama za watu wenye asili ya Afrika zina aina nyingi zaidi, hali waliojiandikisha ni wachache. Mtoto wa Ileje asiye na ndugu anayelingana naye hana daftari la kumwokoa upesi.

Ndipo inapoingia habari ya kuotesha seli maabarani. Mwaka 1981 wanasayansi wa Uingereza na Marekani walifaulu kutoa seli kutoka katika kiinitete cha panya na kuzikuza zikiwa hai. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifanya hivyo kwa kiinitete cha binadamu. Kiinitete hicho kina umri wa siku tano hivi, nacho ni kidogo kuliko kichwa cha pini. Seli zake bado hazijachagua kazi. Zaweza kuwa moyo, mfupa, ubongo au damu. Ni mfano wa mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajaanza kufikiri kama atakuwa fundi au hakimu.

Tangu hapo hatua zilifuatana. Mwaka 2004 watafiti wa Toronto, wakiongozwa na Juan Carlos Zúñiga-Pflücker, walitangaza kwamba wamezilea seli za kiinitete cha panya maabarani, juu ya tandiko la seli zilizopewa ishara maalumu, hadi zikashika njia ya kuwa chembe T. Zilipowekwa ndani ya panya wasio na kinga zilijaza nafasi iliyokuwa tupu na kupambana na virusi kwelikweli. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichukua panya waliowekewa jeni ya selimundu ya binadamu, wakatwaa seli za ngozi yao, wakazirudisha katika hali kama ya kiinitete, wakairekebisha jeni mbovu, wakaziotesha kuwa seli za damu na kuwarudishia panya walewale. Ugonjwa ukapungua sana. Mwaka 2013 makundi mawili, moja la San Francisco na jingine la Beijing, yaliotesha kutokana na seli za kiinitete cha binadamu tishu ya thaimasi yenyewe. Walipoipandikiza katika panya waliozaliwa bila chuo hicho, panya wakaanza kutoa chembe T. Na mwaka 2024 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba wamepata maabarani seli shina za damu ya binadamu zilizokubali kukaa katika uloto wa panya na kuzaa chembe za aina mbalimbali.

Maana ya kazi hizo yaonekana wazi. Siku zitakapokomaa, mtoto aliyekosa ndugu anayelingana naye huenda akaoteshewa uloto unaotokana na seli zake mwenyewe. Na mgonjwa wa figo huenda akapandikizwa figo pamoja na kipande cha thaimasi chenye alama zilezile za figo hiyo, ili walinzi wake wafundishwe tangu mwanzo kwamba mgeni huyu ni wa nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sayansi hii inatafuta mgeni ambaye mwili utampa jembe badala ya kumpiga rungu.

Hata hivyo, ukweli hauna budi kuwekwa wazi. Karibu yote yaliyotajwa hapo juu yametendeka kwa panya. Mtu si panya mkubwa. Seli za kiinitete zikiingizwa mwilini kabla ya kukomaa zaweza kuota uvimbe wa ajabu, wenye nywele, meno na mifupa iliyochanganyika. Chembe T zilizooteshwa bila kupita chuo kikali zaweza kumshambulia mwenye mwili. Tena gharama ni kubwa. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za kubadili jeni za selimundu kwa kutumia seli za uloto wa mgonjwa mwenyewe. Bei ya moja ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na ya pili dola milioni 3.1, kwa mgonjwa mmoja. Ni zahanati ngapi zingejengwa kwa fedha hizo?

Liko pia suala la maadili. Ili kupata seli za kiinitete, kiinitete chenyewe huharibiwa. Kwa kawaida hutumiwa viinitete vilivyobaki katika tiba ya ugumba, kwa ridhaa ya wenyewe. Wako waumini wa dini mbalimbali wanaoona kwamba huko ni kukatisha uhai uliokwisha kuanza. Wako wengine wanaoona kwamba kiinitete ambacho kingetupwa ni afadhali kisaidie kuokoa maisha. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa kwa heshima. Mjapani Shinya Yamanaka alipunguza ukali wa mabishano hayo mwaka 2006, alipoonyesha kwamba seli ya kawaida ya panya mzima yaweza kurudishwa katika hali kama ya kiinitete. Mwaka 2007 ikawezekana kwa binadamu, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Lakini hata njia hiyo ilifunguliwa na elimu iliyopatikana katika viinitete.

Ndugu watumishi, kuna jambo la haraka kuliko hayo. Jina la seli shina limekwisha kuwatangulia wanasayansi na kufika sokoni. Wako wachuuzi wanaouza unga na vidonge kwa madai kwamba ni seli shina zinazoponya kisukari, figo, selimundu na hata uzee. Ikumbukwe kwamba seli shina ni kitu hai. Hutunzwa katika baridi kali, huoteshwa kwa uangalifu mkubwa, na huingizwa katika mshipa wa damu hospitalini baada ya alama kulinganishwa. Unga uliokaa rafuni miezi sita hauwezi kuwa na seli iliyo hai, na hata kama ingekuwamo, tumbo lingeiyeyusha kama linavyoyeyusha maharage. Mamlaka ya dawa ya Marekani, nchi inayoongoza katika utafiti huu, imewaonya wananchi wake mara nyingi dhidi ya matangazo ya tiba za seli shina ambazo haikuziidhinisha. Mzazi anayeuza ng'ombe ili anunue kopo la unga anapoteza ng'ombe, na pengine anapoteza muda ambao mtoto wake angeutumia kutibiwa.

Maana tiba ipo, nayo si ya dola milioni. Mtoto akipimwa mapema akajulikana kuwa ana selimundu, hukingwa kwa penisilini na chanjo, na hunywa maji ya kutosha, hukingwa na baridi na malaria. Kuna pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vya watoto. Watafiti wa Muhimbili nao wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu tangu mwaka 2004, wakiwemo chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani, na elimu yao inasomwa duniani kote.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila mmoja waonekana. Mwalimu wa darasa anapaswa kumtambua mwanafunzi anayekosa masomo kwa maumivu ya mara kwa mara, amshauri mzazi ampeleke kupimwa, tena asimchape kwa utoro. Ofisa wa maendeleo ya jamii anapaswa kuwaeleza vijana wanaokusudia kuoana kwamba kipimo cha damu si aibu. Mganga wa zahanati anapaswa kujua kwamba Dodoma panapandikizwa uloto, ili ampeleke mgonjwa kwa utaratibu wa rufaa kabla mishipa ya ubongo haijaharibika. Na mtumishi yeyote anayeshawishiwa kuwa wakala wa unga wa miujiza afikiri mara mbili, kwa sababu wananchi humwamini kwa cheo chake.

Mwisho, lipo suala la nani atakayeimiliki elimu hii. Alama za damu za Waafrika ni nyingi na hazijachunguzwa vya kutosha. Seli zikioteshwa ng'ambo kwa kufuata alama za watu wa ng'ambo tu, zitawafaa wao kwanza. Tanzania ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tangu mwaka 1979. Ina vyuo vikuu, ina hospitali zilizokwisha kuthubutu. Kinachohitajika zaidi ni vijana wanaolijua somo la baiolojia na kulipenda. Vijana hao hawatapatikana Dar es Salaam peke yake. Yumkini mmoja wao yuko Isongole, katika shule ya sekondari, akisubiri mwalimu amwonyeshe kwa mara ya kwanza tone la damu chini ya hadubini. Shule isiyo na hadubini iidai kwa njia za halali, na yenye hadubini iliyofungiwa kabatini ifungue kabati.